Mstari wa Mwisho wa Regina

Wengi waendao kuuona Ukuta wa Hadrian hupanda vilimani, kwenye mawe yaliyoanza kupangwa mwaka 122. Wachache hushuka hadi South Shields, mdomoni mwa mto Tyne, palipokuwa na ngome ya Arbeia. Hapo mwaka 1878 lilipatikana jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Regina, nami nikilitazama nausahau ukuta wenyewe.

Regina alikuwa Mkatuvelauni, mtu wa kabila la kusini mwa Uingereza. Aliwahi kuwa mtumwa. Barates, mtu wa Palmyra huko Syria, alimwacha huru, wakaoana. Alifariki ana miaka 30.

Mchonga mawe hakuwa na haraka. Amemketisha kwenye kiti cha fito za kusukwa, vazi limemfika miguuni. Shingoni kuna mkufu uliopotwa kama kamba, na bangili za mikononi zina msokoto uleule. Fundi huyu alijua kuwa mapambo huvaliwa kwa kulingana. Mkono wa kulia umeshikilia kasha la vito lililo wazi. Mapajani pana vijiti vya kusokotea uzi, na kushotoni kikapu chenye mabonge ya sufu, yamechongwa moja moja, ya mviringo, kana kwamba ameyaweka chini sasa hivi. Uso umevunjika wote. Hata hivyo mikono ile ingali na shughuli zake, na kwangu yatosha kumjua mwenye nyumba.

Chini yake kuna Kilatini, nacho kimekosewa sarufi. Kisha unakuja mstari mmoja wa Kipalmyra, lahaja ya Kiaramu, ulioandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kama khati za wazee wetu wa Pwani. Hapo tindo imetembea bila kusita, herufi zimelala vizuri, mkono uko nyumbani. Unasema: Regina, aliyeachwa huru na Barates, ole!

Katika mstari huo “aliyeachwa huru” ni *bt hry*. Sikio la Mswahili halihitaji mkalimani: binti, huru. Kiaramu na Kiarabu ni ndugu, na maneno hayo mawili sisi tuliyapata kwa Kiarabu.

Sidhani kama wengi pale ngomeni waliweza kuusoma mstari ule. Barates aliweza, na ndiye aliyekuwa amefiwa.