Slaidi inakatwa wapi?

Afisa ugani wa Marui, wilayani Kisarawe, akitakiwa kuzungumza na wakulima kuhusu mbegu ya muhogo, maneno yenyewe mara nyingi anayo tayari. Yamo kwenye daftari, au siku hizi kwenye programu ya kuandikia notsi: dalili za batobato, dalili za michirizi ya kahawia, shamba gani limeathirika, pingili zitoke wapi. Kinachomchosha ni kazi inayofuata. Anafungua PowerPoint, anakopi aya moja moja, anasogeza visanduku, na akimaliza ana maandishi yale yale sehemu mbili. Akibadilisha siku ya mkutano huku, kule inabaki ya zamani.

Kiendelezi cha slaidi ndani ya programu ya notsi kimetengenezwa ili nakala hiyo ya pili isiwepo. Mfano nitakaoutumia ni wa Obsidian, programu ya Shida Li na Erica Xu iliyotoka mwaka 2020. Kila notsi yake ni faili la maandishi matupu ndani ya folda ya kawaida. Hata Notepad inalifungua. Alama zake ni za Markdown, mtindo ambao John Gruber aliutoa mwaka 2004 akisaidiwa na Aaron Swartz: alama ya reli mbele ya kichwa cha habari, nyota kwenye maneno ya kukoleza, kistari mbele ya kila kipengele cha orodha. Obsidian inakuja na kiendelezi chake kidogo cha slaidi, na watumiaji wakatengeneza kikubwa zaidi kiitwacho Advanced Slides.

Vyote viwili vimeegemea reveal.js, msimbo huria ambao Hakim El Hattab wa Sweden aliuanzisha mwaka 2011 ili ukurasa wa wavuti uonyeshwe kama slaidi. Obsidian ya kompyuta nayo imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake mna kivinjari kizima. Kwa hiyo mtengenezaji wa kiendelezi hakuhitaji kuchora herufi, kupanga rangi wala kuhangaika na mwendo wa slaidi moja kwenda nyingine. Yote hayo aliyakuta. Lililobaki mikononi mwake ni swali moja tu, na ubora wa kiendelezi unapimwa hapo: slaidi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi?

Jibu lililozoeleka ni vistari vitatu peke yake kwenye mstari. Notsi ya afisa wetu inaweza kuwa hivi:

# Mbegu ya msimu ujao
Chagua shina lisilo na batobato.
---
# Michirizi ya kahawia
Pasua na mzizi, usiishie kwenye jani.

Inaonekana rahisi. Tatizo ni kwamba vistari vitatu vilikuwa na kazi nyingine kabla slaidi hazijafika. Katika Markdown ni mstari wa kutenganisha sehemu za maandishi. Vikiwekwa moja kwa moja chini ya sentensi, bila mstari mtupu katikati, hugeuza sentensi hiyo kuwa kichwa cha habari cha ngazi ya pili. Na katika Obsidian hufungua na kufunga maelezo ya faili yanayokaa juu kabisa, kama vile tarehe na mada. Slaidi ni kazi ya nne kwa alama ile ile.

Watengenezaji wamepita njia mbili kukabili msongamano huo. Ya kwanza, ya reveal.js, ni kukata kwanza na kusoma baadaye. Msimbo unatafuta mstari wenye vistari vitatu tu, unakata pale pale bila kuuliza sentensi ya juu inasema nini, kisha kila kipande kinapelekwa peke yake kutafsiriwa kama Markdown. Mfano wetu unatoa slaidi mbili, kama mwandishi alivyokusudia.

Njia ya pili ni ya Marp, programu ya Yuki Hattori ambayo wengi huitumia ndani ya kihariri cha msimbo cha VS Code. Hiyo inasoma faili zima kwa kanuni za Markdown kwanza, halafu inakata pale ambapo msomaji wa kanuni amesema pana mstari wa kutenganisha. Mpe mfano ule ule. "Chagua shina lisilo na batobato" inatoka kwa herufi kubwa kama kichwa cha habari, na slaidi mbili zinagandana kuwa moja. Marp haijakosea; imefuata kanuni kwa uaminifu. Maelekezo yake yanamshauri mwandishi aache mstari mtupu juu ya vistari, au atumie mistari ya chini mitatu, ambayo haina kazi ya vichwa vya habari.

Njia ya kukata kwanza nayo ina hasara yake. Mwalimu wa kompyuta pale Kibaha akitaka kuwaonyesha wanafunzi namna Markdown yenyewe inavyoandikwa, ataweka mfano wenye vistari vitatu ndani ya fremu ya msimbo, yaani sehemu inayopaswa kuonyeshwa kama ilivyoandikwa. Mkataji haioni fremu. Anaona vistari, anakata, na nusu ya mfano inaangukia slaidi inayofuata.

Mimi bado naiona kukata kwanza kuwa njia bora kwa watu wengi. Anayeandika kuhusu pingili za muhogo hatakutana na fremu ya msimbo maisha yake yote, lakini mstari mtupu atausahau kila wiki. Ila ajue kuwa Obsidian yenyewe, inapomwonyesha notsi kama notsi, inafuata kanuni kamili. Ndiyo maana sentensi inaweza kuonekana imevimba kwenye notsi na ikawa ya kawaida kabisa kwenye slaidi. Mstari mtupu juu na mwingine chini unakubalika kote, hata faili likihamishiwa programu nyingine.

Baada ya kukata kuna suala la urefu. Reveal.js hupanga kila slaidi kwenye uwanja wa kipimo kimoja, upana 960 kwa kimo 700, kisha huukuza au kuupunguza uwanja wote ulingane na skrini. Hilo hufanya projekta ya zamani na televisheni mpya zionyeshe mpangilio ule ule. Lakini maneno yakizidi uwanja hayapunguzwi. Yanashuka na kupotea chini ya skrini. Notsi nzuri ina aya, na aya haikai kwenye slaidi.

Hapo Advanced Slides ina neno dogo lenye faida kubwa kuliko mapambo yake yote. Ukiandika note: kwenye mstari wake, kila kinachofuata hadi mwisho wa kipande hicho hakionekani kwa wasikilizaji. Juu yake linabaki agizo la kupasua mzizi. Chini yake afisa anaweka habari kwamba michirizi ya kahawia ilielezwa kitaalamu mwaka 1936 kutoka kituo cha Amani, Tanga, na kwamba jani linaweza kuonekana zima huku mzizi umeoza. Akibonyeza S linafunguka dirisha la msemaji lenye maelezo hayo. Lakini kompyuta ikiwa imewekwa kurudufu skrini, dirisha hilo na wasikilizaji wataliona, kwa hiyo kwanza achague kutandaza skrini.

Kiendelezi hicho huendesha seva ndogo ndani ya kompyuta ile ile, kwenye anwani localhost:3000, kwa hiyo hakuna bando linalotumika wakati wa kuonyesha. Seva hiyo ndiyo inayokifunga kwenye kompyuta. Simu inabaki ya kuandikia.

Uzito wa faili haufai hata kujadiliwa. Kiswahili huandikwa kwa herufi zisizo na alama za ziada, kwa hiyo kila herufi huchukua baiti moja, na slaidi zenye herufi 3,000 ni faili la takriban kilobaiti 3. Picha ndizo za kuangalia. Notsi haibebi picha ndani yake, inataja jina la faili tu. Afisa akituma notsi peke yake kwa WhatsApp, picha ya jani inabaki kwake na mwenzake anaona nafasi tupu. Faili la PowerPoint hubeba kila kitu ndani, na kwa hilo linastahili sifa.

Halmashauri nayo ikidai faili la PowerPoint, achague kwa makini. Marp hutoa faili la aina hiyo, lakini kwa kawaida kila slaidi inatoka kama picha, na mkuu wa idara hawezi kurekebisha hata nukta. Programu ya Pandoc ya John MacFarlane hutoa PowerPoint yenye maandishi yanayoharirika. Mwonekano wake ni wa kawaida tu, ila jina la kata likikosewa linasahihishwa palepale ofisini.