Wale Kumi wa Pili

Mtu akimuuliza mama yangu ana watoto wangapi, hujibu wanne. Tuliopo ni watatu. Kaka yangu alifariki kwa malaria akiwa na miaka minne, miaka miwili kabla sijazaliwa. Nilipozaliwa, wa kiume kama yeye, waliokuja kumpa mama hongera walimwambia Mungu amemrudishia. Nimekua nikiisikia kauli hiyo kutoka kwa mashangazi, majirani na hata mchungaji, wote kwa nia njema. Mama huitikia "Amina", kisha huuliza kama mgeni atakunywa chai. Utotoni nilikuwa namsahihisha: "Mama, tuko watatu." Hakuwahi kunijibu.

Muhula uliopita, katika kozi ya uhakiki, tulitakiwa kuchagua matini moja ya kale na kuisoma upya. Nilichagua Kitabu cha Ayubu kwa sababu nilidhani nakijua. Katika misiba mingi niliyohudhuria Ayubu huwapo: mtu aliyepoteza mali na watoto siku moja, akalisifu jina la Mungu, kisha akarudishiwa maradufu. Wafiwa huambiwa wamwige.

Lakini kitabu kina sura 42, na Ayubu huyo wa misibani anapatikana katika sura mbili za mwanzo na aya chache za mwisho. Sehemu hizo ni nathari, zinasimulia haraka kama hadithi ya jioni. Kuanzia sura ya 3 tunaingia kwenye ushairi, na humo tunakutana na Ayubu ambaye hatumsomi makaburini. Analaani siku aliyozaliwa. Anadai kesi yake isikilizwe. Anamtaka Mungu amwondolee macho angalau kwa muda wa kumeza mate.

Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanapofika wanaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Mtu yeyote aliyelala matangani anajua thamani ya kukaa huko. Shida inaanza wanapofungua vinywa. Wanamweleza kwamba Mungu ni wa haki, kwa hiyo mateso lazima yana sababu, na sababu hiyo ataikuta ndani yake mwenyewe. Ukizisoma hotuba zao peke yake, nyingi zingefaa kuwa mahubiri ya Jumapili. Nadhani mwandishi alikusudia hivyo. Amewapa maneno ambayo sisi wenyewe tumeyasema tukiwa kwenye mkeka wa msiba, tukaondoka tukiamini tumefariji.

Kisha, katika sura ya mwisho, Mungu anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na wenzake wawili, kwa kuwa hawakusema yaliyo kweli juu yake kama Ayubu alivyosema. Niliirudia aya hiyo mara kadhaa. Waliomtetea Mungu ndio waliokosea, na aliyemlalamikia ndiye aliyesema kweli.

Si kwamba Ayubu hakukemewa. Kutoka katika upepo wa kisulisuli Mungu anamuuliza alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa, na Ayubu anaweka mkono kinywani. Lakini tazama asichoambiwa. Sisi wasomaji tulioshuhudia mazungumzo ya mbinguni kati ya Mungu na Shetani tunajua mkasa ulianzia wapi. Ayubu hajulishwi kamwe. Kwa hiyo tumaini lake haliwezi kuwa limetokana na kupewa sababu. Alichopata ni kujibiwa. Rafiki zake walizungumza juu ya Mungu kwa sura nyingi. Ni Ayubu peke yake aliyezungumza na Mungu, japo kwa hasira, na ndiye aliyetokewa.

Nikafika kwenye hesabu. Mwanzoni Ayubu alikuwa na kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Mwishoni ana kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe na punda 1,000. Kila kitu mara mbili. Watoto walikuwa kumi, wa kiume saba na wa kike watatu. Mwishoni wanazaliwa saba na watatu. Kumi, si ishirini. Mimi ni mmoja wa wale kumi wa pili, na sikuwahi kuona kwamba kitabu kimekataa kuzidisha hapo.

Kuna wanaoeleza kwamba hesabu imetimia kwa sababu wale wa kwanza bado wako mbele za Mungu. Ningependa iwe hivyo, ila kitabu hakisemi. Kinachosema ni jambo dogo ambalo huwa tunaliruka: baada ya Ayubu kurudishiwa, ndugu zake wanakuja nyumbani kwake, wanakula naye, wanamfariji kwa yote yaliyompata, na kila mmoja anampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Hayo ni matanga, na hizo ni rambirambi. Baraka ilikuwa imeshafika, na bado alihitaji pole.

Hapo ndipo imani yangu ya Kikristo ilipopata pa kusimama. Yesu msalabani hakunyamaza kwa ushujaa. Alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, maneno ya mtu anayemuuliza Mungu kwa nini amemwacha. Na alipofufuka alimwonyesha Tomaso mikono yenye alama za misumari. Ufufuo haukuzifuta. Tumaini la namna hiyo halinidai nimwambie mama kwamba kidonda kimepona kwa sababu mimi nipo.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimsomea hesabu ile ya kondoo na watoto. Alikuwa akichambua mchele. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mkewe? Alipokuwa anazaa tena, kuna aliyemuuliza?"

Sikuwa na jibu. Katika Biblia mke wa Ayubu anasema aya moja tu, ya uchungu, na haonekani tena, ingawa wote waliokufa aliwazaa yeye. Utendi wa Ayubu wa pwani yetu, unaofuata mapokeo ya Kiislamu, unampa nafasi kubwa: ndiye anayemuuguza mumewe na kumtafutia riziki. Nilimweleza mama hayo. Akasema huyo angependa kumsikia.

Nikakusanya ujasiri. "Mama, mimi nilirudishwa?"

"Wewe ulizaliwa," alisema. "Yule hakurudi. Nilimwambia Mungu hivyo siku ile ile, wewe ukiwa mgongoni, na sikuacha kwenda kanisani. Namngoja nitakayemkuta."

Jumapili hiyo, baada ya ibada, mgeni mmoja alimuuliza ana watoto wangapi. Nilikuwa nimesimama pembeni.

"Wanne," mama alisema.

Mgeni akanigeukia, akauliza mimi ni wa ngapi. Nikamwambia wa nne.