Hercules: mashine ya IBM ndani ya ordinatere ya kawaida

Leo naongelea Hercules, programu ambayo Roger Bowler alianzisha mwaka 1999. Inafanya ordinatere ya kawaida, ya Intel, ijifanye mashine kubwa ya IBM, zile zinazotunza hesabu za mabenki. Mi naona ni kazi kubwa, lakini tusiisifu kwa kitu ambacho haifanyi.

Programu ya asembla inaongea na prosesa ya aina moja tu. Ya Fortran unaweza kuipeleka kwingine, kompaila itakutafsiria. Asembla hapana. Namba 1 ndani ya baiti 4, IBM inaiweka 00 00 00 01, Intel inaiweka 01 00 00 00. Na kuna mtego mbaya kuliko huo: kwa EBCDIC ya IBM herufi zinatangulia tarakimu, kwa ASCII tarakimu ndizo zinatangulia. Chukua mashamba mawili, B12 na 7C. Kule B12 ni la kwanza, huku ni 7C. Programu inayotafuta kwa kutegemea mpangilio wa zamani itakuambia shamba halipo. Haitakufa, haitalia. Itatoa jibu la uongo, na wewe utalisaini.

Ndiyo maana wazo la Hercules ni la akili. Haibadilishi ile kodi, inaiga mashine yenyewe, amri kwa amri. Hapa Kalemie, mtu mwenye laptop ya okazyo anaweza kujifunza MVS 3.8, mfumo wa zamani wa IBM ulio wazi kwa wote, bila kuona hata siku moja mashine yenyewe.

Lawama yangu ni hii: kodi inaishi, lakini hakuna anayeielewa zaidi. Ni kama kipande cha mti ndani ya kopo la maji. Majani mabichi, lakini haujapanda kitu. Wazee walioandika zile hesabu wanaondoka. Kutafsiri kwa mkono ni taabu kweli, ila ukimaliza unajua programu inafanya nini.

Halafu kizuizi kikubwa hakikuwa prosesa. TurboHercules, kampuni ya Bowler, iliomba wateja waruhusiwe kutumia mifumo mipya ya IBM juu ya Hercules. IBM ikakataa. Mwaka 2010 wakaenda kulalamika kwa Kamisheni ya Ulaya, mwaka 2011 malalamiko yakaondolewa. Kiufundi, z/OS inawaka juu ya Hercules. Kisheria, mwanafunzi wa hapa anabaki na mfumo wa miaka zaidi ya 40.