Katika Kuusifu Ufundi wa Papo kwa Papo

Mtu akisimama jioni katika soko la Chebunyo nchini Kenya, pale ambapo nchi ya Bomet imekwisha kuyapa kisogo mashamba ya chai na kuteremkia tambarare zenye joto, za mahindi na mifugo na uhaba wa maji, husikia mambo ambayo wenyeji wameyazoea hata hawayasikii tena: kengele za ng'ombe warudio nyumbani, mitungi mitupu igonganayo juu ya migongo ya punda, kinu cha unga kikivuta pumzi zake za mwisho, redio za vibanda viwili zikishindana, na upepo ukiyatikisa mabati yaliyolegea misumari. Hakuna aliyezipanga sauti hizo, wala hakuna aliyeagana na mwenziwe. Lakini mwenye sikio tulivu, akizistahimili kwa muda, hutambua kwamba zinapishana na kujibizana, na kwamba asiyekuwapo jioni hiyo hatazipata tena kama zilivyokuwa.

Siku hizi wako watu wanaosafiri masafa marefu na kulipa kiingilio ili wasikie mambo ya namna hii. Afrika Mashariki nayo ina tamasha la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015 huko Jinja, kando ya mto Nile, ambalo jina lake Mswahili wa pwani hulitamka akitazama chini kwa haya, ingawa kwa Waganda maana yake ni ile hamu ya ghafla ya kucheza ngoma isiyozuilika. Humo hukutana wapigaji wa ngoma za jadi na vijana wa mitambo, na mengi wayafanyayo hayakuandikwa popote kabla ya kufanywa. Wapo wanaoyasikia wakauliza, kwa ghadhabu au kwa dhihaka, je, huu nao ni muziki? Nami nisingependa kuwajibu kwa ubishi, bali kwa kuusifu ufundi wenyewe, ambao si mgeni kwetu kama wanavyodhani.

Kosa la wenye kuudharau ni kudhani kwamba atungaye papo kwa papo hana kanuni. Na wamtazame fundi wa taarabu anapoanza taksimu, yaani utangulizi autungao peke yake papo hapo, kwa udi au kwa kile chombo cha nyuzi kiitwacho kanuni, kabla ya bendi nzima kuingia: hana karatasi mbele yake, wala hajui kituo chake cha tatu kitakuwa wapi, lakini amekaa miaka mingi akiijua makamu yake, yaani ngazi ya sauti aifuatayo, kama msafiri ajuavyo visima vya njiani, na kwa hiyo aweza kupotea kwa makusudi na kurudi bila kuaibika. Sanaa hiyo iliingia Unguja zama za Sultani Barghash, aliyempeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze muziki, ikapata makao ya kudumu ilipoundwa klabu ya Nadi Ikhwan Safaa mwaka 1905. Na tangu hapo hadi leo msikilizaji mjuzi hamdai mpigaji airudie taksimu ya jana, maana ya jana ilikuwa ya jana.

Huku bara, katika nchi ya Wakipsigis, chombo cha ufundi huo kiliitwa chepkong. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na wa obokano ya Wakisii: bakuli lililowambwa ngozi, mikono miwili iliyochomoza juu, mti wa kukingama, na nyuzi chache zilizofungwa hapo. Uchache wa nyuzi ndio ufunguo wa jambo. Mwenye nyuzi nyingi aweza kujificha nyuma ya wingi wake, lakini mwenye chache hulazimika kurudia, na katika kurudia huko huingiza badiliko dogo la pigo, au ukimya wa kitambo, au neno jipya la kumsifu aliyeingia mlangoni sasa hivi. Almuradi chombo huzunguka pale pale kama ng'ombe aliyefungwa kambani, ilhali wimbo umekwisha kwenda mbali.

Mwaka 1950 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake akinasa nyimbo za watu, alifika Kapkatet, kati ya Sotik na Litein, kwenye baridi ya chai. Huko akanasa wimbo ulioimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenziwe, chepkong ikilia chini ya sauti zao, na jina la wimbo lilikuwa Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi nchini Marekani, aliyefanya kazi katika reli kabla ya kupata umaarufu, na ambaye sauti yake iliwafikia Wakipsigis kwa santuri za gramafoni. Wakati wasichana wa Kapkatet wanamwimba, alikuwa amekwisha kufa miaka 17 iliyopita. Lakini wao, kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, walimwona kuwa nusu mtu nusu paa, nao walikuwa wakimwita aje acheze pamoja nao.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, kana kwamba ni hadithi ya washamba waliodanganywa na mashine. Mimi nakiona kuwa ndicho kilele cha ufundi ninaousifu. Sauti ilitoka katika sanduku, bila kiwiliwili, kwa lugha isiyofahamika. Wasichana hawakuikimbia wala hawakuiiga, bali waliipokea kama apokewavyo mgeni, wakaipa nafasi ya kukaa kati ya nyuzi zao, na zaidi ya yote wakaipa jina. Tena litazameni jina lenyewe. Kikipsigis hakina haja ya kutenga j na ch, na majina ya wanawake wake aghalabu huanza kwa Che au Chep, kama jina la Chemutoi mwenyewe. Na hata katika ardhi sauti hiyo imejaa, kwani Chebunyo imo ndani ya Chepalungu. Jimmie aliposikiwa kuwa Chemi, tayari alikuwa ameingia uani. Haya hayakuwa makosa ya masikio: sikio ndilo lililokuwa fundi.

Na kusikia ndiko kazi yenyewe. Halim El-Dabh, mwanamuziki wa Misri, alipochukua kinasa sauti cha waya mwaka 1944 akaenda kwenye sherehe ya zari, ile ngoma ya pepo, mjini Cairo, kisha akazipitisha sauti za wanawake katika mitambo ya studio hadi zikawa ukungu wa mwangwi, alifanya kwa umeme lile ambalo Kapkatet ililifanya kwa ngozi na nyuzi. Vivyo hivyo Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi ajulikanaye kwa herufi KMRU, mjukuu na wajina wa yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, hutembea na kinasa sauti chake akiokota milio ya miji. Na mwaka 2022 alitoa kazi iitwayo Temporary Stored, aliyoijenga kwa sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji. Kwa hiyo mkondo umegeuka: zamani sauti ya ng'ambo ilikuja kwetu ndani ya sanduku, na sasa sisi tunazifuata zetu katika masanduku ya ng'ambo.

Nyimbo za Kapkatet nazo zilikwenda mbali, zikatunzwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo Tracey aliiasisi mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Baada ya miaka zaidi ya 60 maktaba hiyo, ikishirikiana na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha kwa watu wa Kapkatet wenyewe, na wazee wakazisikia tena. Ilikuwa hisani kubwa, wala haifai kuibeza. Hata hivyo santuri haiwezi kurudisha zaidi ya ilichochukua, na ilichochukua ni siku moja. Tracey mwenyewe alinasa Chemirocha tatu zenye waimbaji tofauti, akazipa namba, ya kwanza na ya pili na ya tatu. Na namba hizo, zilizokusudiwa kupanga kabati, zimetuachia ushahidi usio na shaka kwamba Chemirocha haikuwa wimbo mmoja uliokamilika, bali ilikuwa mlango ambao kila mpigaji aliupita kwa hatua yake.

Basi tukitaka kuuenzi ufundi huu, haitoshi kuzihifadhi Chemirocha hizo tatu zisichakae. Yatupasa kuiacha nafasi ya Chemirocha ya nne, na kumwachia aimbaye kesho aamue mgeni atakuwa nani: huenda ni mtu wa ng'ambo, huenda ni kinu cha unga cha Chebunyo.