Sauti, Shairi na Tuzo: Kumbukumbu za Wapenzi wa Juma Bhalo

Tangu Mohamed Khamis Juma Bhalo afariki dunia, mwezi wa Aprili 2014, jina lake lingali midomoni mwa watu wa Mji wa Kale wa Mombasa. Katika baraza za Kuze na Kibokoni nyimbo zake hutajwa kama zitajwavyo methali: kwa kuonya, kwa kuliwaza au kwa kukata shauri. Makala haya hayakusudii kuongeza sifa juu ya sifa. Twataka kuuliza kumbukumbu hizo zina thamani gani kwa mhakiki wa ushairi wa Kiswahili. Rai yetu ni kwamba ni ushahidi usiopatikana penginepo, nao wapotea kila azikwapo msikilizaji mmoja.

Yafaa tuanze na udhaifu wake. Mpenzi wa nyimbo husema, “Bhalo alisema hivi,” hali maneno ni ya mtu mwingine. Nyingi katika nyimbo zile zilitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake, *Malenga wa Mvita*, ilitoka mwaka 1971 ikiwa imehaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Sauti ikipendwa mno, mtunzi husahauliwa. Mhakiki atakayeyategemea masimulizi ya barazani peke yake ataandika historia ya nyimbo zisizo na washairi.

Hata hivyo, kosa la upande wa pili ndilo lililozoeleka zaidi katika vyuo vyetu. Sisi hulichukua shairi lililopigwa chapa, tukahesabu mizani, tukapima vina, tukadhani kazi imekwisha. Juma Bhalo alijulikana sana kwa kuyatia mashairi ya Kimvita katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Mshororo wa mizani kumi na sita ukiingizwa katika mahadhi ya namna hiyo haubaki ulivyokuwa. Mwimbaji huweza kukirudia kipande kimoja mara mbili au tatu, akaivuta silabi ya kina, akanyamaza kidogo kabla ya neno lenye fumbo. Mkazo huo haumo katika ukurasa. Umo katika kanda, na umo katika masikio ya waliosikiliza.

Lakini hata kanda ina mpaka wake, na mpaka huo ni tuzo. Katika taarabu ya arusini msikilizaji hainuki kumtuza mwimbaji kwa sababu ya uzuri wa sauti tu. Mara nyingi huungoja ubeti maalumu, akautwaa kwa kitendo chake, ukawa ni salamu, jibu au shutuma yake kwa mtu fulani. Tuseme wimbo unamlalamikia aliyepanda mti na tunda likachumwa na mwingine. Kwa mtunzi huenda ni wasia juu ya subira. Akisimama mwanamke aliyeachwa, akatoa noti mbele ya watu, shairi limepata maana ya pili, na pengine usiku ule maana hiyo ndiyo iliyotawala. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hapa hata mwerevu hana budi awe alikuwapo. Kinasasauti hunasa vigelegele; hakituonyeshi ni nani aliyeinuka, wala ni nani aliyeinamisha kichwa.

Ndipo tuonapo thamani ya wale wanaomkumbuka. Wakisimulia wimbo fulani uliimbwa katika arusi gani, nani alituza na kwa nini watu walicheka, wao hufanya kazi ya ufafanuzi, ingawa hawaiiti kwa jina hilo. Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950, alibahatika kuandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Kitabu kile kimemhifadhi mtu na tabia yake; lakini ni kitabu cha sifa na maadili zaidi ya kuwa daftari la hafla zake. Tusingoje tena mpaka libaki jina peke yake.

Kazi hii yataka adabu. Bhalo mwenyewe aliacha kuimba kabla ya kufa kwake, na wapo wampendao ambao huona heri kumwombea dua kuliko kuzicheza kanda zake. Kunyamaza kwao nako ni kumbukumbu, wala si haki ya mtafiti kukuvunja. Tena, fumbo lililofumbuliwa laweza kuamsha ugomvi wa nyumba mbili uliokwisha kulala. Maelezo na yaandikwe. Majina ya watu wa arusini na yasitangazwe.

Basi twapendekeza kwamba kila kanda ihifadhiwayo katika idara zetu ifuatane na maandishi manne: jina la mtunzi pale linapojulikana, hafla ulikoimbiwa wimbo, maneno yake kamili katika lahaja yake bila kusanifishwa, na maelezo ya wasikilizaji wasiopungua wawili, mmoja wao awe mwanamke. Sharti hili la mwisho lina sababu. Arusi ilikuwa mahali pao, na mengi katika mafumbo yale yaliwahusu wao. Nao ndio tuliowauliza kwa uchache zaidi. Wasikilizaji hao wawili wakihitilafiana, hitilafu yao na iandikwe kama ilivyo, kwani huenda kila mmoja alimwona mtuzaji wake.