Mama anaimba, mimi nahesabu

Mama yangu akiamka anaimba. Mimi nikiamka nahesabu mambo yanayoweza kuharibika leo. Tumesali kanisa moja, benchi moja, na kwa miaka mingi niliamini tofauti yetu ni kwamba yeye ana imani na mimi yangu haitoshi.

Ndiyo maana The Varieties of Religious Experience cha William James kilinikamata. Ni mihadhara aliyoitoa Edinburgh, ikachapishwa 1902. Kinachosha, nakiri, kuna mahali shuhuda za watu zinafuatana mpaka unasahau mwandishi yuko wapi. Lakini James anaanza na hulka ya mtu kabla ya mafundisho ya dini yake. Wapo wenye roho yenye afya, ambao dunia kwao ni njema tu, kama mshairi Walt Whitman. Na wapo wenye roho mgonjwa, kina Tolstoy na Bunyan, ambao huvunjika kwanza ndipo wazaliwe mara ya pili.

Hawabezi hawa wa pili. Anasema wanaona zaidi, maana ubaya nao ni sehemu ya dunia. Kwetu ukiwa na huzuni unaambiwa uongeze maombi, basi.

Katika sura hiyo yumo Mfaransa asiye na jina, aliyeshikwa na hofu ya ghafla alipomkumbuka mgonjwa wa akili aliyemwona hospitalini: kwamba huyo angeweza kuwa yeye. Baadaye James alimwambia mtu aliyekitafsiri kitabu kwa Kifaransa kuwa Mfaransa huyo alikuwa yeye mwenyewe. Nilipojua hilo nilirudi kuusoma ukurasa ule taratibu sana.

Ninapogombana naye ni hapa: anamtafuta muumini akiwa peke yake, na mapema kabisa anaziweka kando taasisi za dini. Mama hajawahi kuamini peke yake. Imani yake ina kwaya, ina jumuiya, ina majirani waliolala kwetu wiki nzima baba alipofariki. Hiyo ni hulka, au ni watu?

Juzi nilimsimulia habari za Whitman na watu wenye furaha ya kuzaliwa nayo. Akacheka. "Mwanangu, nani kakwambia naimba kwa sababu nina furaha?"

Sikuwa na jibu, na James pia hakunisaidia. Nimerudi sura ya kwanza.