Mizani ya Bwana Sowell

Katika mabishano ya Wamarekani juu ya elimu, ni machache yaletayo maneno mengi kama shule za mkataba. Shule hizi ni za umma: fedha zao zatoka serikalini, wala mtoto halipi karo. Lakini haziongozwi na wakuu wa elimu wa mji kama shule nyingine. Chama fulani huzishika kwa mkataba, nacho kisipotimiza kilichoahidi, mkataba waweza kuvunjwa na shule ikafungwa. Jimbo la Minnesota lilitangulia kuweka sheria ya shule hizi mwaka 1991, na ya kwanza ikafunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. Jimbo la New York likafuata mwaka 1998.

Miongoni mwa vitabu vilivyoandikwa juu ya jambo hili, kimoja chastahili kusomwa na kila mwalimu, ijapokuwa si lazima akikubali chote. Ni kitabu cha Bwana Thomas Sowell, Charter Schools and Their Enemies, maana yake Shule za Mkataba na Adui Zao, kilichopigwa chapa mwaka 2020. Bwana Sowell ni Mmarekani Mweusi, mjuzi wa mambo ya uchumi, aliyezaliwa North Carolina mwaka 1930 akalelewa Harlem katika mji wa New York. Basi anenapo juu ya watoto wa Harlem, haneni kama mgeni.

Sifa ya kwanza ya kitabu ni mizani yake. Watu wengi huitwaa orodha ya mitihani, wakaweka shule ya watoto wa matajiri mbele ya shule ya watoto wa maskini, wakasema hii njema na hii mbaya. Huko si kupima shule, ni kupima mifuko ya wazazi. Bwana Sowell ameepuka kosa hilo. Mjini New York shule ya mkataba na shule ya kawaida mara nyingi hukaa katika jengo moja. Yeye alichagua zile zilizo chini ya paa moja, zenye madarasa ya daraja moja, ambazo wanafunzi wao wengi ni Weusi au wa jamaa za wasemao Kihispania. Kisha akatazama mitihani ya jimbo ya Kiingereza na ya hesabu ya mwaka wa shule wa 2017 hata 2018. Aliona ya kuwa madarasa mengi ya shule za mkataba yalifaulisha zaidi ya nusu ya watoto. Katika shule za kawaida madarasa ya namna hiyo yalikuwa machache.

Jambo hili ni zito, wala halifai kupitwa upesi. Wako watu wasemao kwamba mtoto wa maskini hawezi kufundishika mpaka umaskini wake uondoke kwanza. Mbele ya hesabu hizi neno hilo halisimami tena. Watoto wa mtaa mmoja hupita mlango mmoja asubuhi, wengine wakapanda ngazi ya kulia na wengine ya kushoto, na mwisho wa mwaka wametengana sana.

Walakini kitanga kimoja cha mizani hii kina kasoro. Watoto wawili waweza kuwa wa kabila moja na umaskini mmoja, wasiwe wa nyumba moja. Katika shule ya mkataba huingia mtoto ambaye mzazi wake alisikia habari, akaandika ombi, akangoja kura. Tena katika mji ule shule hizo zina watoto wachache zaidi wasiojua Kiingereza kuliko shule za kawaida. Na wako wakuu wa shule za mkataba, kama wale wa Success Academy, waliokataa kupokea wanafunzi wapya baada ya darasa la nne. Shule ya kawaida haina ruhusa hiyo. Humpokea ajaye hata katikati ya mwaka.

Ili tusimdhulumu mwandishi, yatupasa kusema ya kwamba kura yenyewe yamtetea. Waombaji wakizidi nafasi, watoto huchaguliwa kwa kura. Wataalamu waliotazama shule za Boston, wakatoa habari zao mwaka 2011, waliwalinganisha walioshinda kura na walioshindwa, ambao wazazi wao wote waliomba. Walioshinda waliendelea vizuri zaidi. Basi bidii ya wazazi si sababu yote. Lakini ushahidi huo wahusu walioomba. Juu ya mtoto ambaye hakuombewa na mtu, haukusema neno.

Tena New York si Marekani nzima. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima shule za mkataba za majimbo 15 na mji wa Washington. Katika hesabu, shule 17 katika kila 100 ziliwapita wenzao, 37 zilikuwa nyuma, na 46 zilikuwa sawa. Uchunguzi wao wa mwaka 2023 uliona hali bora: watoto wa mkataba walitangulia, kwa wastani, kama siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hesabu. Ni maendeleo, lakini si muujiza. Jina la mkataba halifundishi mtoto. Mwalimu ndiye afundishaye.

Neno tusilolipenda kabisa ni lile la adui. Mwandishi ana haki ya kuuliza kwa nini mjini mwake watoto zaidi ya 50,000 waliachwa wakingoja nafasi, na ni nani aliyefaidiwa na kungoja kwao. Swali hilo lataka jibu kutoka kwa vyama vya walimu na wakubwa wa siasa. Lakini mwalimu wa ngazi ya kushoto, aliyempokea mtoto asiyejua Kiingereza mwezi wa pili, si adui wa mtu. Kitabu kingezidi nguvu kama kingalimhesabu naye.

Nyuma ya kitabu zimo kurasa nyingi za orodha, shule kwa shule. Twamshauri msomaji aanze huko, na kando ya kila alama aulize: ni watoto gani waliofanya mtihani huu, na ni nani waliokuwa wameondoka kabla ya siku hiyo?